Wana Mikindani (familia tu)

Da Zuhura: Asalaam aleikum. Mwanaidi katoka kliniki, damu 9, mjamzito inatakiwa ifike 11. Mkwewe yuko Newala kwenye korosho, kwahiyo tupangane nani anapika siku gani

Da Zuhura: Mbona kimya?? Tiki za bluu naziona

Hamisi: Waaleikum salaam. Si anapewa vidonge vya damu bure?

Da Zuhura: Anapewa, ila anavimezea chai ya rangi! Jamani chai inakikamata chuma humohumo tumboni kinatoka bila kuingia kwenye damu. Ameze kwa maji, chai asinywe mpaka ipite kama saa nzima. Na kisamvu na mbaazi zina chuma lakini cha mimea mwili unakipokea kwa shida mpaka kikutane na vitamini C, kwahiyo akamulie ndimu palepale kwenye sahani au ale embe mlo huohuo, sio embe la jioni

Juma Masasi: Hiyo chai ije kwangu 😂😂

Shemeji Rashidi: Na vitumbua vyake

Mwanaidi: Nawasoma 🙈

Juma Masasi: Ming'oko je, vile viazi vya porini, inaongeza damu?

Da Zuhura: Inashibisha tu, damu hapana. Ale na samaki, samaki anakisaidia hata kile chuma cha mboga kiingie. Na nazi msimnyime, vitamini A ya kisamvu haipiti bila mafuta, na bila vitamini A mwili unakuwa na chuma na unashindwa kukitumia. Hamisi wewe samaki

Hamisi: Mimi tena? Kama ile arobaini, hela ya mafuta mpaka leo sijarudishiwa. Na wa lile gunia wamo humu wanasoma tu

Mwajuma: Lilishaisha mbele ya mjomba hilo

Hamisi: Mlimaliza nyie

Juma Masasi: Gunia walikula panya 😂

Da Zuhura: Jamani damu 9!!

Bibi Somoe: Naandikiwa na Asha. Hamisi, mama yako alinifia mikononi siku ya kujifungua, damu ilimwisha. Sitaki kusikia gunia humu.

Hamisi: Shikamoo bibi. Kesho asubuhi nampelekea samaki, changu

Mwajuma: Mie J3 na J4 napika

Da Zuhura: Ahsante. J5 na Alhamisi nani?

Da Zuhura: ??

Tatu Lindi: Ndo naona saa hii, simu haikuwa na chaji. Ndimu ninazo nyingi ila wa kunibebea sina

Shemeji Rashidi: Ijumaa labda, nimuulize mama watoto

Da Zuhura: Muulize sasa hivi. J5 bado