Tupeane uzoefu: mliosafiri Ulaya na mke na mume wengine, mlirudi mkiwa bado marafiki?

Mkunazi:
Jana napanga nguo za baridi, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti nikatoa mfuko wa karatasi wa keki za Belém. Mikunjo yake bado ina unga wa mdalasini. Nikakaa nao kitandani muda mrefu.

Ilikuwa Lisbon, Oktoba mwaka juzi. Sisi wawili na rafiki wa mume wangu wa tangu chuo, pamoja na mkewe. Siku sita, nyumba ya kupanga kule mtaa wa Alfama, vyumba viwili, choo kimoja. Tulikubaliana kabla ya kukata tiketi kwamba safari hii si ya kukimbizana. Tutembee, tukae, tule, tutazame mto. Kumbe kila mtu ana polepole yake. Kwetu sisi polepole ni kuamka saa tatu, chai, halafu tuone siku inaelekea wapi. Kwa wenzetu polepole ni kutoka saa moja na nusu asubuhi ili kila kitu kipate muda wa kutosha. Hakuna aliyekosea. Hatukuulizana tu.

Siku ya tatu, Jumatatu, wakatuamsha kwa kugonga mlango. Tukaenda hadi Belém kuona monasteri ya Jerónimos, tukakuta imefungwa. Jumatatu hawafungui. Hapo kila mtu akanyamaza. Tukanunua keki, zile za yai na mdalasini, tukala tumesimama bila kutazamana. Kesho yake sisi tukalala hadi saa nne, wao wakatusubiri sebuleni wamevaa viatu. Tulipotoka mvua ikaanza. Mnaoijua Alfama mnajua ngazi zake, na vile vijiwe vyeupe vya chokaa walivyotandika mji mzima, ambavyo vikilowa ni kama umekanyaga sabuni. Shoga yangu akateleza. Nilisikia kifundo cha mguu kinavyolia.

Alikaa kwenye ngazi iliyolowa, kashika mguu kwa mikono miwili, na mumewe akanigeukia mimi, si mume wangu, mimi: "Mngeamka mapema tungekuwa tumesharudi."

Sijawahi kujibu neno hilo hadi leo. Dirisha la juu likafunguliwa, bibi mmoja mzee akatutazama, akapotea, kisha akashuka na barafu kaifunga kwenye kitambaa cha jikoni cha mirabamiraba. Akapiga magoti kwenye mvua, akamfunga mguu, anaongea Kireno mfululizo na hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa. Sote wanne tukawa tunalia. Siku mbili zilizobaki tulizungumza habari za hali ya hewa tu. Nataka kujua wenzangu ilikuwaje kwenu.

Kibatari:
Watu wanne choo kimoja. Nakazia hapo.

Mwana wa Kilindini:
Pole sana dada. Sisi Lisbon hiyo hiyo ilituvunja kwa zeituni. Ukikaa tu mezani mhudumu anakuletea mkate, zeituni, jibini, wakati mwingine na samaki. Hujaagiza. Ukigusa, umenunua, usipotaka, mwambie aondoe, hana neno. Mwenzetu alikuwa anamaliza vyote kabla menyu haijaja, kila usiku, kisha hesabu inakatwa nusu kwa nusu. Mimi na mke wangu hatunywi, wao chupa mbili za mvinyo. Siku ya nne nikasema kila mtu alipe alichokula. Mkewe akaniambia mbele ya watu, "Kumbe ndivyo ulivyo."

Dau la Jioni:
Mkuu, ukishaanza kuhesabu zeituni urafiki umekwisha. Safari ni nusu kwa nusu, leo umezidiwa wewe, kesho atazidiwa yeye. Wazee wetu walikula sinia moja, nani aliyepima tonge?

Mwana wa Kilindini:
Sinia moja lina wali na mchuzi, na kila mtu anakula. Chupa ya mvinyo mimi sili wala sinywi. Usinichanganyie mambo.

Dau la Jioni:
Basi ungesema siku ya kwanza, si ya nne. Kosa lako ni kukaa kimya siku tatu.

Mwana wa Kilindini:
Hapo nakubali.

Mwamba wa Malindi:
Mmetaja Belém mkanikumbusha. Kanisa la monasteri hiyo ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama, ukiingia tu. Wenzetu wakataka picha ya wanne mbele yake. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nimekulia karibu na ile nguzo yake, najua alivyopita Mombasa mwaka 1498 akakuta mlango mgumu, akaja kwetu akapokewa na kupewa wa kumwongoza hadi Bara Hindi, na najua kilichofuata hadi Fort Jesus ikajengwa. Nikasema nitawapiga ninyi picha, mimi siingii. Rafiki yangu akaona nimemharibia siku. Mke wangu ndiye aliyenielewa, akanishika mkono tukatoka nje tukakaa juani.

Na bado mji ule naupenda. Unatembea unasikia maneno yako: meza ni mesa, bendera ni bandeira, gereza limetoka kwenye igreja, yaani kanisa. Mikahawani wanauza chamuças, sambusa kabisa, hiyo safari imepitia Goa na Msumbiji. Na yule samaki wao mkavu wa chumvi, bacalhau, ukifumba macho unakula ng'onda.

Kibatari:
Lakini mkuu, picha tu. Marehemu hajui umesimama pale.

Mwamba wa Malindi:
Mimi najua.

Chereko:
Nimesoma hapa nikasema leo nalitoa, limenikaa rohoni tangu 2019.

Tunaishi Birmingham. Tulikwenda Roma siku tano na rafiki wa mume wangu na mkewe, nyumba ya kupanga Trastevere. Walikuwa wachangamfu kweli, hasa yule mke, kila kitu anasifia, kila chakula anapiga picha. Mimi nikawa nasema moyoni hawa ndio watu wa kusafiri nao. Usiku wa tatu siwezi kulala kwa joto. Ukuta wa kati yetu ulikuwa mbao tupu. Nikasikia sauti ya yule bwana, ya chini lakini kila neno linafika: "Hela yenyewe nimekopeshwa na mumewe, na yeye hajui. Kwa hiyo kesho jikaze."

Pauni 1,800. Hela tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya bati za nyumba ya mama yangu, Muheza. Mama alikuwa anasogeza kitanda kila mvua ikinyesha. Mume wangu alikuwa amelala pembeni yangu fofofo, mkono wake juu ya bega langu.

Asubuhi nikavaa, nikaenda nao. Tukafika chemchemi ya Trevi, watu wanarusha sarafu, yule bwana akarusha yake kwa mgongo huku anacheka, na mimi naihesabu ile sarafu ni ya nani. Tukaenda hadi zile ngazi za hapo hapo Roma wanazoziita za Uhispania. Miguu ikaniishia, nikakaa. Askari wa manispaa akapuliza filimbi, siku hizi ni marufuku kuketi pale, kuna na faini. Akanionyesha kwa kidole niinuke. Nikashindwa kuinuka. Mume wangu akaja, "Una nini?" Nikamwambia bati za mama.

Kibatari:
Subhanallah.

Mwana wa Kilindini:
Ikawaje? Usituache hapo dada.

Mzee wa Forodhani:
Na hela ilirudi?

Dau la Jioni:
Nitasema lisilopendwa. Mume wako alimsitiri rafiki yake. Mwanamume kumfuata mwenzie na kusema sina nauli ya kumpeleka mke wangu matembezi si jambo jepesi. Angekuambia, aibu ingekuwa ya watu wanne.

Bi Mkekani:
Kumsitiri rafiki kwa bati za mama mkwe? Kaka yangu, sitara gani hiyo? Angetoa za kwake. Za pamoja unaomba ruhusa, hata kama ni shilingi mia.

Dau la Jioni:
Sijasema alifanya vema kutosema. Nasema nia haikuwa ya wizi.

Bi Mkekani:
Mama yuko Muheza anahamisha kitanda, sisi tunapima nia.

Chereko:
Ahsanteni nyote. Hela ilirudi kidogo kidogo, miezi 14. Bati zilipigwa, mama alizifurahia misimu miwili kabla hajatutoka. Na mume wangu nimemsamehe, tuko pamoja.

Lakini sikumaliza. Siku ile ya ngazi, yule mke alinifuata nilipojitenga. Akanivuta kwenye baa ndogo tukanywa kahawa tumesimama kaunta, maana ukikaa mezani bei inapanda. Mkono wake ulitetemeka hadi kijiko kikawa kinagonga kikombe. Akaniambia hata yeye aliambiwa usiku ule ule. Siku tatu zote alikuwa anafurahi kweli. Tangu hapo sisi wawili ni ndugu. Waume zetu husalimiana misibani.

Kibatari:
Huo ukuta wa mbao umewafanyia mengi.

Mzee wa Forodhani:
Mimi nilete la heri. Tulikwenda Vienna, sisi na mdogo wangu na mkewe, wiki nzima. Mke wangu magoti yanamsumbua, shemeji yangu anapanda kila mnara. Alipanda ule wa kusini wa kanisa la Stephan, ngazi 343, akarudi anang'aa. Tulichofanya ni hivi: asubuhi hatujuani. Saa kumi jioni tunakutana kwenye mkahawa mmoja, ule ule. Pale kahawa inakuja kwenye sinia dogo la chuma pamoja na glasi ya maji, na ukishaletewa umepewa kiti. Kaa saa mbili, soma gazeti, hakuna wa kukukodolea macho. Hesabu haiji mpaka uiombe. Basi kila mtu anakuja na habari zake, shemeji ameona nini, mimi nimepotelea wapi. Tungekuwa pamoja tangu asubuhi tungeambiana nini?

Mwamba wa Malindi:
Mzee umesema. Asubuhi tengana, jioni kutaneni.

Bi Mkekani:
Mimi napinga. Kama ni kutengana kwa nini kusafiri pamoja? Nilikwenda na wifi na mumewe, hatukuachana hata dakika, na ndiyo safari bora ya maisha yangu. Tofauti ni kwamba tulikuwa na mfuko mmoja: kila asubuhi kila nyumba inatia yuro 60, anashika wifi, zikibaki tunakula aiskrimu.

Kibatari:
Na viza je? Wenzetu mke alipata, mume akanyimwa, tukasafiri watatu. Sitaki hata kusimulia.

Mzee wa Forodhani:
Ombeni mapema, ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi, bima isiyopungua yuro 30,000. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na ukinyimwa hairudi. Msilipie nyumba isiyoweza kughairiwa kabla viza hazijatoka zote nne.

Mkunazi:
Chereko, nimesoma yako mara mbili kisha nikachukua simu nikampigia shoga yangu. Mwaka mzima na zaidi hatujaongea. Kifundo bado kinamsumbua wakati wa baridi. Tumezungumza dakika arobaini, ngazi hatukuzitaja, ila aliniuliza kama nakumbuka kile kitambaa cha yule bibi. Anacho. Alisahau kukirudisha.

Chereko:
Mpelekeeni. Wawili tu.

Mgeni Njiani:
Samahani wakuu, nimechelewa kuuona uzi huu. Sisi wanne tunakwenda Lisbon Aprili, viza zimetoka, nyumba imeshalipiwa. Alfama. Choo kimoja. Nifanyeje?

Kibatari:
Ghairi.

Bi Mkekani:
Usighairi. Waulize leo hii wanaamka saa ngapi. Wa mapema waoge kwanza, watoke, wawaache wenzao walale.

Mwana wa Kilindini:
Na zeituni semeni siku ya kwanza.