Kwa nini wimbo wa mzaha kuhusu Magellan haujachuja Ufilipino?

Mkazi wa Chumbageni (muuliza swali)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Kazi yangu ya uwakala wa meli hapa bandarini Tanga hunikutanisha na mabaharia wa Kifilipino, ambao ni wengi mno katika meli za mizigo duniani kote. Wakipata karaoke, upo wimbo mmoja ambao kijana aliyeanza kazi jana na injinia mkuu anayekaribia kustaafu huuimba pamoja bila kutazama maneno, huku wakicheka kana kwamba ni mara ya kwanza kuusikia. Unaitwa "Magellan", uliimbwa na Yoyoy Villame na kutolewa mwaka 1972, nao unasimulia kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito ya visiwa vya Visayas jinsi Ferdinand Magellan, nahodha Mreno aliyetumwa na Hispania, alivyofika kwao mwaka 1521 na kuuawa. Nyimbo za mzaha kwa kawaida huvuma msimu mmoja zikapotea. Huu umepita miaka 50. Umebebwa na muziki, na historia, au na shule? Naomba majibu ya wenye kuufahamu muziki au historia.

Mwalimu mstaafu, Ngamiani

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kwa maoni yangu umebebwa na mpangilio wa matukio. Villame anaanza na tarehe yenyewe, 16 Machi 1521, anapita kisiwa cha Limasawa, anatia nanga Cebu ambako mtawala wa huko, Rajah Humabon, anawapokea wageni na watu wanabatizwa, kisha anakwenda kisiwa cha Mactan kwa chifu Lapulapu, ambako vita vinaanza alfajiri. Huwezi kuruka ubeti hadithi isikatike, na mtoto aliyeukariri anaingia kwenye mtihani wa historia akiwa na nusu ya majibu kinywani.

Sisi wa pwani hii jambo hilo tunalijua. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa huku huku Tanga, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vilivyoanza mwaka 1888, naye alitumia njia hiyo hiyo ya kufuata tukio kwa tukio. Yeye, hata hivyo, alitunga nchi ikiwa imechukuliwa mbele ya macho yake, na hakuwa na la kuchekea. Villame alitunga zaidi ya miaka 450 baada ya Mactan.

Kicheko chenyewe kina shabaha. Magellan anapojeruhiwa, wimbo unamfanya alie kama mtoto, amwite mama na kuomba daktari aletwe haraka. Antonio Pigafetta, aliyekuwamo katika msafara na aliyeandika kumbukumbu zake, alimwomboleza kama nahodha asiye na mfano. Villame akamvua heshima hiyo yote kwa mistari michache. Wala mtu huyo hakuwa mgeni wa bahari yetu: mwaka 1505 aliondoka Lisbon katika msafara wa Francisco de Almeida, msafara ulioipora Kilwa na kuichoma Mombasa ukiwa njiani kwenda India. Kwa hiyo mimi binafsi kicheko hicho hakinikeri hata kidogo.

Baharia, Raskazone

Shikamoo mwalimu. Naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa kuwa nimefanya kazi na Wafilipino wa Cebu na Bohol, visiwa vya Visayas. Mpangilio mzuri wa matukio unapatikana hata katika vitabu ambavyo hakuna anayevifungua. Kinachowashika wao ni lafudhi. Villame alizaliwa Calape, Bohol, mwaka 1932, akawa dereva wa basi, na kikundi chake cha kwanza cha vyombo vya nyuzi alikiunda na madereva wenzake. Watu wa Manila wamezoea kuwacheka Wavisaya kwa namna wanavyobadilishana irabu za "e" na "i", naye akaichukua lafudhi ile ile ya kuchekwa, akaiweka wazi kwenye sahani ya santuri na kuuza nchi nzima. Mvisaya akiuimba, anajicheka kabla hajachekwa, na papo hapo anajivunia kwamba aliyemshinda Magellan alikuwa mtu wa kwao.

Kuna jambo moja ambalo ningependa lingekuwamo: meli za Magellan hazikuweza kusogea ufukweni kwa sababu ya miamba na maji mafupi, watu wake wapatao 49 wakalazimika kuteremka na kutembea majini, na mizinga ikabaki mbali mno kuwasaidia. Mvuvi yeyote wa Tanga angeliona kosa hilo mapema.

Mpiga kinanda wa taarabu, Makorora

Nyote wawili mmesema kweli, lakini hamjagusa kwa nini nyimbo nyingine za mzaha hufa. Tazameni mipasho yetu. Wimbo uliotungwa kumpiga kijembe mtu fulani hupendwa mno wakati ugomvi ungali moto, na wagomvi wakipatana au wakisahaulika, msikilizaji mpya hajui anacheka nini. Wimbo wa Villame una mlengwa anayefundishwa upya kwa kila kizazi darasani. Mwaka 2021, Ufilipino ilipoadhimisha miaka 500 ya ushindi wa Mactan, hakuna aliyehitaji kuelezwa Lapulapu ni nani.

Kimuziki ni mwepesi: lahani ile ile inarudi ubeti baada ya ubeti, hivyo hata asiye na sauti anaweza kuumaliza. Nimewahi kufikiria kutunga kitu cha namna hiyo kuhusu vita vya hapa Tanga vya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, ambapo nyuki walivamia uwanja wa mapigano. Nilikwama kwa sababu moja. Makamanda wa pande zote mbili walikuwa wageni, na waliokufa kwa amri zao wengi walikuwa Wahindi na askari wa Kiafrika. Sikuona nani ndani yake achekwe kwa haki.

Mkazi wa Chumbageni

Ahsanteni sana. Swali la nyongeza kwa mwalimu: wimbo unaanza kwa kudai kwamba Magellan "aliigundua" Ufilipino, ilhali watu walikuwapo na watawala wao. Je, ungeuruhusu darasani?

Mwalimu mstaafu, Ngamiani

Ningeuruhusu, na ningeanzia hapo hapo. Shule nyingi za wakati ule zilifundisha hivyo, na jina lenyewe la Ufilipino lilikuja miaka ya 1540, Wahispania walipoviita baadhi ya visiwa hivyo kwa heshima ya mwanamfalme Felipe, kwa hiyo mwaka 1521 hakukuwa na nchi yenye jina hilo ya kugunduliwa. Ningewapigia wanafunzi wimbo wote, wacheke hadi watosheke, halafu niwaulize huyo mgunduzi alikaa kwa muda gani katika nchi aliyoigundua. Kuanzia 16 Machi hadi 27 Aprili, siku aliyouawa, wahesabu wenyewe.