Kantri ya Jumapili jioni ufukweni: Beyoncé, Stapleton au Shaboozey?

MpigaMuziki_Luchelele

Wakuu, heshima kwenu. Napiga muziki kwenye mgahawa wa samaki na nyama choma ufukweni mwa ziwa huku Luchelele, Mwanza. Jumapili kuanzia saa tisa alasiri wateja wangu ni wastaafu, walimu na familia zinazotoka kanisani. Wanaagiza sato wa kuchoma, wanakaa hadi giza liingie, na wanataka kantri, ule muziki wa Kimarekani wa gitaa na banjo. Kwao kantri ni Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton, basi. Flashi niliyoirithi kwa mwenzangu aliyenitangulia haijaongezwa hata wimbo mmoja. Sasa bosi anataka kitu kipya, ila wazee wasihame meza.

Nimebaki na albamu tatu: Cowboy Carter ya Beyoncé (Machi 2024), Higher ya Chris Stapleton (Novemba 2023) na Where I've Been, Isn't Where I'm Going ya Shaboozey (Mei 2024). Bajeti ni ya albamu moja. Nataka inayopigika mwanzo hadi mwisho bila mimi kukimbilia kuruka wimbo. Waliozisikiliza wenyewe, karibuni. Wa kusimuliwa, naomba mpite kimya.

Mzee_wa_Igoma

Chukua Stapleton. Nitaeleza, maana najua vijana wananijia juu.

Sisi tuliokua na kantri ya redioni hatukuipendea kofia wala farasi. Wengi wetu hata Kiingereza kilikuwa cha kubabaisha. Tuliipenda kwa sababu mwimbaji hakuwa na haraka. Kila neno unalisikia, gitaa linamngoja amalize ndipo limjibu. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na leo hii ukimpiga kwenye sherehe yenye watu wa rika langu, mazungumzo yanakatika. Don Williams ndiyo usiseme. Huyo alifika hata Afrika, akapiga Harare mwaka 1997, na alipofariki 2017 nilipigiwa simu kupewa pole kana kwamba ni ndugu yangu.

Kwa hiyo mimi napima kwa swali moja: ukizima vyombo vyote, sauti itaubeba wimbo? Ya Stapleton inabeba. Ametoka Kentucky, kwenye ukoo wa wachimba makaa ya mawe, na kwa miaka mingi aliwaandikia wengine nyimbo kabla hajatoa albamu yake ya kwanza mwaka 2015. Mtu wa namna hiyo anajua wimbo unakatwa wapi. Higher ina nyimbo 14, na mke wake Morgane anamwitikia sauti ya pili. Sikiliza It Takes a Woman uone wanavyopokezana pumzi. Ya mwisho, Mountains of My Mind, ni yeye na gitaa lake tu. Hapo ndipo utajua kama wateja wako wanasikiliza au wanakula.

Dosari ipo. White Horse ina gitaa la umeme lenye fujo, na nyimbo za katikati zinafanana. Ukipitiwa na usingizi wimbo wa saba ukaamka wa tisa, hukupoteza kitu.

Bint_Bwiru

Shikamoo mzee wangu. Kipimo chako sikikatai, ila historia umeianzia katikati.

Ile banjo inayosikika kwenye kantri mizizi yake ni Afrika Magharibi. Ilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani, na mpaka leo Wajola wa Senegal na Gambia wana akonting, ala yenye kibuyu na mpini mrefu. Ukiiona hutauliza nani ni ndugu wa nani. Kwenye Texas Hold 'Em, wimbo wa Cowboy Carter, anayepiga banjo ni Rhiannon Giddens, ambaye kazi yake kubwa imekuwa kuirudisha historia hiyo kwa wenyewe. Na albamuni yumo Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Grand Ole Opry, jukwaa maarufu la kantri huko Nashville, mwaka 1969. Akatoa albamu moja 1970, milango ikafungwa. Beyoncé kamtoa huko alikosahauliwa kampa kipaza sauti. Willie Nelson anaingia kama mtangazaji wa redio, Dolly naye anazungumza kabla ya Jolene. Hawa si ndio wazee wenu?

Kama ni sauti, piga Blackbiird. Ni wimbo wa Beatles wa 1968, anauimba na wasichana wanne weusi wanaohangaika kupenya kwenye kantri, na vyombo ni vichache mno. Au 16 Carriages. Kisha uniambie sauti haibebi.

Tuzo za CMA, za chama cha muziki wa kantri Marekani, mwaka 2024 hazikumtaja kwenye kipengele hata kimoja. Februari 2025 Grammy wakampa albamu bora ya kantri na albamu ya mwaka kwa pamoja. Chagua mwenyewe uwaamini akina nani.

Mzee_wa_Igoma

Marahaba mwanangu. Haki yake siigusi. Mtoto wa Houston, Texas, hawezi kuitwa mgeni kwenye kantri. Ninachobisha ni dakika 78. Nyimbo 27, nyingine fupi fupi, nyingine ni maongezi, na ukifika nusu ya pili midundo imeshakuwa ya disko. Aliyeuliza anataka albamu isiyorukwa. Hii yenyewe imetungwa kama redio inayohama stesheni. Ukiwa na spika za masikioni ni raha. Mezani penye sato, mtu anauliza "nani kabadilisha?"

Shemeji_wa_Pwani

Mimi ni wa Tanga, Mwanza nimeletwa na ndoa, kwa hiyo nisemee Jolene tu, mengine mtajuana wenyewe.

Dolly kwenye ule wa 1973 anamsihi Jolene asimchukulie mume. Anamsifia nywele, anamsifia macho, anakiri kwamba hamuwezi. Beyoncé kaigeuza: hasihi, anaonya. Jamani, hiyo si kantri tena, hiyo ni mipasho! Unaona kabisa mwenye shughuli anainuka na noti mkononi kwenda kutuza, huku akimtazama mtu fulani wa meza ya tatu. Kwetu wimbo kama huo hauhitaji kutafsiriwa.

Ila nikiwa mkweli, wa Dolly ndio mgumu kuimba. Kutisha kila mtu anaweza. Mwanamke anayesimama mbele za watu akasema "mwenzangu umenizidi, nihurumie", na bado usimdharau, huyo ndiye fundi. Zipige zote mbili kwa kufuatana, uone kina mama watakavyogawanyika.

Ngosha_Magu

Mmemjazia mwenzenu historia wakati yeye ana meza za kujaza. Shaboozey! A Bar Song ilikaa namba moja Marekani, chati ya Billboard Hot 100, wiki 19. Ikaifikia Old Town Road ya Lil Nas X ya mwaka 2019. Kijana kazaliwa Virginia, wazazi Wanigeria, na kwenye hiyo Cowboy Carter yenu yumo pia. Ukimchukua yeye umepata Afrika, umepata Marekani, umepata na baa.

Halafu haya mambo ya ng'ombe tungeachiwa sisi. Wamarekani wanaimba machweo na farasi, hakuna anayeimba mbung'o wala kesi ya mifugo kuingia shamba la mtu. Siku Msukuma akitoa albamu ya kantri, nusu yake itakuwa kikao kwa mtendaji wa kijiji.

Bint_Bwiru

Ngosha, umeisikiliza albamu au wimbo mmoja? Huo wa baa umejengwa juu ya wimbo wa hip hop wa J-Kwon wa mwaka 2004, na habari yake ni mtu aliyezidiwa na gharama za maisha anayekwenda kulewa. Waliotoka ibadani na watoto uwapigie huo saa tisa mchana? Na nyimbo nyingine hazifanani nao. Highway ni ya majonzi, My Fault na Noah Cyrus ni ya majuto matupu. Anayenunua albamu kwa sababu ya A Bar Song atadhani kauziwa ya mtu mwingine.

Mimi hayo majonzi ndiyo yaliyonifanya nimpende. Kama mtunzi wa nyimbo za njiani, za mtu aliyehama na hajafika, kijana anajua. Lakini si kwa sababu unazozitaja wewe.

Ngosha_Magu

Nimesikiliza nusu. Kwenye basi, kutoka Magu hadi Nyegezi. Majonzi nilidhani ni ya foleni.

Abiria_wa_Kamanga

Napita tu: huyo Noah Cyrus ni mdogo wake Miley Cyrus, ambaye yuko kwa Beyoncé kwenye II Most Wanted. Baba yao ni Billy Ray Cyrus, yule wa Achy Breaky Heart ya 1992, ambaye pia ndiye aliyeimba na Lil Nas X kwenye Old Town Road iliyotajwa hapo juu. Na Dolly ni mama wa ubatizo wa Miley. Kantri ni ukoo mmoja, mnagombania urithi tu.

Fundi_Makoroboi

Mnajadili muziki kana kwamba jamaa ana ukumbi. Yuko nje, ufukweni. Nje hakuna kuta za kurudisha besi, kwa hiyo albamu inayotegemea besi itasikika imepwaya hata sabufa iwe kubwa namna gani. Upepo wa ziwani ukianza jioni unachukua na zile sauti nyembamba. Kinachobaki ni cha katikati, yaani sauti ya binadamu na gitaa. Ndiyo maana Jim Reeves anasikika vizuri kwenye spika mbovu, tena mbali.

Kwa hesabu hiyo: Stapleton anapita, kwa kuwa sauti yake imewekwa mbele na vyombo vimepangwa nyuma yake. Shaboozey anapita nusu; midundo yake ya hip hop itapungua nguvu, gitaa na sauti vitabaki. Cowboy Carter itaumia zaidi. Ndani mna maongezi ya chini chini na sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kwenye Daughter anaingiza hata wimbo wa zamani wa Kiitaliano, kwa mtindo wa opera. Nyumbani, usiku, umeme upo, hiyo ndiyo albamu bora kati ya hizi tatu. Nimeisema hiyo na siirudishi. Kwenye upepo na sahani zinazogongana utalipia vitu ambavyo hakuna atakayevisikia.

Tena usishushe faili zilizobanwa sana kuokoa bando. Spika kubwa inafichua kila kasoro.

MpigaMuziki_Luchelele

Nashukuru wakuu. Jumapili niliazima albamu zote kwa rafiki nikazijaribu kabla ya kununua.

Higher niliipiga yote. White Horse haikumhamisha mtu. Mwalimu mmoja mstaafu alitikisa kichwa mwanzo hadi mwisho na kijiti cha meno mdomoni. Kwenye It Takes a Woman mama mmoja alikuja kuuliza yule mwanamke anayeitikia ni nani. Mountains of My Mind ilipita bila mtu kuitambua, Mzee wa Igoma unisamehe. Ndiyo saa nyama ilipotoka jikoni.

Cowboy Carter nilifuata ushauri wa Shemeji, Dolly kwanza kisha Beyoncé. Meza za kina mama zilichangamka kweli, na bosi akatoka kaunta kuja kuona kuna nini. Nikaendelea na albamu, yale maongezi yakaingia, mzee mmoja akaniuliza kama redio imekamata stesheni ya jirani. Fundi alikuwa sahihi kuhusu Daughter: ilisikika mbu mbu mbu tu.

Shaboozey nilimweka giza lilipoingia, familia zimeshaondoka. A Bar Song iliimbwa na meza nzima ya vijana wa Mwaloni. Highway ilifuata, wakaanza kuangalia simu.

Nanunua Higher nzima. Kwa Beyoncé nachukua Jolene, Blackbiird na 16 Carriages, kwa Shaboozey A Bar Song peke yake. Nimepiga hesabu, bajeti inatosha.

Bint_Bwiru

Chukua na II Most Wanted. Hiyo hata Mzee wa Igoma hataijua kama ni ya 2024.

Mzee_wa_Igoma

Nimeisikiliza sasa hivi. Iongeze. Ila iweke mbali na Kenny Rogers, isije ikamwonea.

Ngosha_Magu

A Bar Song saa ngapi hasa? Nataka kujua nitoke Magu na gari la saa ngapi.

MpigaMuziki_Luchelele

Saa moja na nusu usiku, Ngosha. Kabla ya hapo ni Don Williams.