Nairobi hadi New York: moja kwa moja, Doha au Amsterdam?

Binti_Ngara: Hamjambo wote. Desemba nampeleka mama New York kwa kaka yangu. Ana miaka 68 na miguu humvimba akikaa sana. Kuna ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways, kuna ya kupitia Doha na ya kupitia Amsterdam. Bei zinakaribiana. Ila nikitazama ramani, Amsterdam naona ni kuzunguka bure.

Rubani_wa_Kitini: Dada, ramani ya ukutani inakudanganya. Tafuta tufe la dunia, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York. Utapanda kaskazini-magharibi juu ya Sahara, kama kilomita 11,800. Sasa Nairobi–Amsterdam ni 6,700 hivi, Amsterdam–New York 5,850. Umeongeza kilomita 700 na ushei tu, chini ya saa moja angani. Anayezunguka ni wa Doha: anaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki kilomita 3,350, ndipo ageuke magharibi 10,800.

mtu_wa_Newark: Ya moja kwa moja nimepanda mara tatu tangu ianze Oktoba 2018. Kwenda ni saa 15, kurudi 14 hivi. Unaondoka karibu saa sita usiku, na Desemba wao wako nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo unatua kwao bado ni asubuhi. Mchana wote uko mbele yako na usingizi umekushika kooni.

Kipepeo86: Mbona kurudi ni haraka na njia ni ile ile?

Rubani_wa_Kitini: Upepo. Huko juu unavuma kwa kasi kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ya kule ndiyo unazidi. Kwenda unapambana nao, kurudi unakusukuma. Hata kuondoka usiku kunasaidia: JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka ndege iliyojaa mafuta ya safari hiyo hupaa kwa taabu.

Mswahili_wa_Kisauni: Nyinyi mwahesabu kilomita, miguu ya mama haijui kilomita. Mie wangu nilimpitisha Amsterdam. Saa nane na nusu angani, akashuka, akatembea, akaswali, akanywa chai, kisha saa nane nyingine. Akafika mzima. Doha singethubutu: kipande cha pili peke yake ni kama saa 14. Wapata taabu ya kubadili ndege na kukaa kitini kule kule!

mtu_wa_Newark: Hapo umenena. Lakini angalia muda wa kusubiri. Mimi niliwahi kuuziwa tiketi yenye saa moja na dakika kumi kati ya ndege mbili. Ya kwanza ikachelewa, nikalala kwenye benchi. Ukiwa na mzee usikubali chini ya saa tatu. Na kiti cha magurudumu omba mapema unapokata tiketi, usingoje kaunta.

Binti_Ngara: Asanteni sana. Nilikuwa nimeshaelekea Amsterdam, nikamsomea mama mwenyewe haya yote. Kajibu: "Nipae mara moja, nitue mara moja, basi." Kwa hiyo moja kwa moja, kiti cha kando ya njia, na nitamwinua kila baada ya saa mbili. Sasa zile soksi za kubana miguu, hapa Nairobi mjini mnanunua wapi?