HDR ya kichochoro Mji wa Kale: ukuta kijivu, mlango kama plastiki

MwanaKibokoni
Assalam aleikum wenzangu. Naomba mnikosolee picha hii bila kunionea haya. Ni kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, Mombasa, saa nne asubuhi. Kushoto pana mlango wa nakshi kivulini, kulia ukuta wa chokaa unaopigwa na jua, juu roshani ya mbao na kipande cha mbingu. Fremu 3 za RAW (faili ghafi za kamera) kwenye tripodi, ISO 100, f/8, shata 1/250, 1/60 na 1/15. Nimeziunganisha ziwe picha moja ya HDR kwa programu ya Lightroom, kiondoa mizuka (kinachofuta nakala za vitu vilivyosogea) nimekizima.

Ukuta umetoka kijivu kama simiti, roshani imezungukwa na ukingo mweupe, mzee mwenye kanzu ana miguu minne, na mlango wang'aa kama plastiki. Nianzie wapi?

FundiMwanga
Waleikum salaam. Anza na ukuta, maana kosa lake halikutokea kwenye kompyuta, lilitokea kwenye kamera. Hesabu ya jua kali ni ISO 100, f/16, shata 1/100. Ukifungua hadi f/8 inakuwa 1/400, na hapo twazungumzia kitu cha rangi ya wastani, si chokaa. Fremu yako yenye giza kuliko zote ni 1/250, basi huenda hata hiyo imeunguza ukuta, yaani weupe umepita kiasi cha kamera. Programu ikishusha mwanga mahali palipoungua haina cha kuonyesha ila kijivu kitupu. Ifungue fremu hiyo peke yake utazame histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga, giza kushoto, weupe kulia). Ikiwa imerundikana upande wa kulia kabisa, hakuna kuhariri kutakakoirudisha chokaa.

Rudi upige 1/1000, 1/250 na 1/60. Ile ya 1/15 iache. Kwa ISO 100, RAW ya 1/60 yavumilia kunyanyuliwa stopu 2 (mwanga mara nne) kivulini bila chembechembe za kukera.

Miguu minne ni kwa sababu fremu hazikupigwa wakati mmoja. Hiyo 1/15 nayo huzidisha: mtu anayetembea mwendo wa kawaida husogea kama sentimita 9 shata ikiwa wazi, kwa 1/250 ni nusu sentimita tu. Kiondoa mizuka kiweke kiwango cha chini kwanza. Ukikipandisha juu kabisa huchukua eneo pana kutoka fremu moja, na kivuli kinajaa chembechembe kwa viraka.

Bi_Roshani
Ukingo mweupe huja unapovuta Clarity (kitelezi cha kukoleza maumbo) au kushusha mwanga wa mbingu kwa nguvu: programu hulinganisha pikseli na jirani zake, na penye mbao nyeusi juu ya mbingu nyeupe inakosea. Clarity isizidi 15 kwa picha nzima. Ukingo uliobaki utibu hivi kwenye Photoshop: leya mpya tupu, ibadilishe mtindo wake wa kuchanganya uwe Darken, chukua rangi ya mbingu umbali wa pikseli 100 hivi kutoka kwenye roshani, kisha pitisha brashi laini yenye nguvu ya asilimia 30 kando ya mbao. Darken hugusa tu kilicho cheupe kuliko rangi uliyochukua, hivyo mbao hazichafuki.

Mlango sasa. Umefungua kivuli chote mpaka ndani ya michoro, ndipo ukaharibika. Nakshi huonekana kwa sababu ya giza lililo ndani ya mchongo. Ukiliondoa yabaki maua yaliyochorwa juu ya ubao. Shusha kivuli mpaka mifereji ya mfaa (mti wa katikati ya mlango) iwe karibu nyeusi, na rangi ya chungwa ipunguze 10 hadi 15.

Jicho_la_Tatu
Mimi kwa picha hii nisingeunganisha kwa programu hata kidogo. Leya mbili zatosha: 1/60 chini kwa ajili ya mlango, 1/1000 juu kwa ukuta na mbingu, maski (kificho cha sehemu ya leya) yenye ukingo laini ikifuata mstari wa kivuli sakafuni. Mzee unamchukua kutoka fremu moja tu, basi mizuka haipo. Kazi ya dakika ishirini, lakini kila kosa ni lako nawe walijua lilipo.

Halafu, ukitaka ukosolewe sawasawa, weka fremu ya kati isiyohaririwa kando ya kazi yako, na kipande cha roshani kwa asilimia 100. Wengi hapa twatazama kwenye simu, na picha iliyopunguzwa huficha ukingo. Toa kwa sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni), la sivyo rangi zitafifia njiani ukalaumiwa bure.

MwanaKibokoni
Nimerudi na 1/1000, nikafuata njia ya leya mbili. Ukuta sasa waonyesha hata nyufa za chokaa. Lakini baraza iliyo chini ya mlango imetoka buluu.

Bi_Roshani
Hiyo ni rangi ya mbingu. Kivulini jua halifiki, kinachomulika ni kile kipande cha juu, na ulipokinyanyua kivuli ukainyanyua na buluu yake. Kama joto la rangi la picha nzima liko 5300 K, weka maski kwenye baraza peke yake uipashe joto, sawa na 6200 hivi. Usiiondoe yote: baraza ya kivulini isiyo na ubuluu wowote huonekana kama imewekewa taa.