Watu wameumia kiwandani China: mwenye jina nyuma ya simu anahusika au hahusiki?

Fundi wa Stendi Ndogo (Arusha)

Wadau, salaam. Jana nimebishana na mteja mpaka nikachelewa kufunga meza. Ni mwalimu, kaleta simu abadilishiwe kioo. Nikiwa natoa gundi ya zamani nikamsimulia habari ya Suzhou, China. Kule kiwanda cha Wintek, kampuni ya Taiwan, kilikuwa kinatengeneza vioo vya Apple. Wakaacha spiriti, wakawapa wafanyakazi kemikali inaitwa heksani ya kufutia vioo, kwa sababu hiyo inakauka haraka zaidi. Watu 137 wakaathirika, kemikali ile inashambulia mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Apple wenyewe waliliandika kwenye ripoti yao ya 2011.

Mwalimu akanijibu: kosa ni la mwenye kiwanda, Apple ni mnunuzi tu kama mimi na wewe.

Mimi nafuta vioo kila siku. Spiriti ukishapitisha kitambaa unasubiri, inaacha ukungu mwembamba, unapitisha tena. Ni sekunde chache. Kwa simu yangu moja si kitu. Kwa anayefuta kioo baada ya kioo tangu asubuhi hadi zamu iishe, sekunde hizo zikijumlishwa ni pesa ya mtu. Nani alizitaka? Anayepanga bei na tarehe ya mzigo kutoka ndiye aliyezibana sekunde hizo, aliyemimina heksani alifuata nyuma yake. Kwa hiyo nasema mwenye jina nyuma ya simu anahusika, tena ndiye wa kwanza. Leteni hoja.

Mpambanaji wa Sakina

Mkuu, unamwonea mtu. Nikinunua mkungu wa ndizi soko la Kilombero, ni kazi yangu kumuuliza mama muuzaji kibarua aliyeukata kalipwa shilingi ngapi? Kibarua ana bosi wake, bosi ana serikali yake, serikali ina sheria zake.

Mimi Shenzhen, kule China, nimefika mara mbili kufuata mzigo wa chaja na kava. Huaqiangbei, mtaa wao wa maduka ya simu, nimeizunguka ghorofa kwa ghorofa. Vijana wale wametoka vijijini kwao kwa miguu yao, wanatuma pesa, wazazi wanajengewa. Mkibana masharti kiwanda kinahamia Vietnam na kijana anarudi kwenye jembe. Sisi hapa Arusha tulikuwa na Philips wanaunganisha redio. Leo Philips ni jina la kituo cha daladala. Wakija kesho na kiwanda kama cha Foxconn, wale wanaounganisha simu za Apple kule China, pale Njiro, na zamu zake ndefu hizohizo, wadogo zangu wote nawaandikisha alfajiri.

Anayesoma Sheria (Moshi)

Kaka wa Sakina, yule mama hukumpangia unene wa ndizi, hukumpa tarehe ya kuileta, wala humkati pesa akichelewa. Kampuni ya simu inafanya hayo yote kwa kiwanda. Hapo ndipo unapoisha mfano wako.

Mwaka 2010 kwenye viwanda vya Foxconn, hasa Shenzhen, vijana 14 walijiua ndani ya mwaka mmoja, mpaka nyavu zikafungwa kuzunguka majengo. Dunia ikapiga kelele, mshahara wa kuanzia ukapanda kutoka yuani 900 hadi 1,200. Kelele zile zilimwendea mwenye jina, ndiyo maana zilisikika. Mwaka 2012 Apple wakawaruhusu Fair Labor Association, shirika linalokagua haki za wafanyakazi, kuingia viwanda vitatu vya Foxconn. Wafanyakazi zaidi ya 35,000 wakajaza hojaji. Ikaonekana watu wanapita saa 60 kwa wiki, wakati sheria ya China ni saa 40, na ovataimu isizidi saa 36 kwa mwezi. Sheria ya serikali ilikuwepo muda wote, kaka. Haikumzuia mtu.

Ila mahakamani bado ni kugumu. Mwaka 2019 familia za Kongo ziliwashtaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla kule Washington kwa sababu ya watoto walioumia na kufa kwenye machimbo ya kobalti, madini ya kutengenezea betri. Machi 2024 mahakama ya rufaa ikasema kununua tu kupitia mnyororo wa wauzaji si kushiriki kosa. Ufaransa tangu 2017, na Ujerumani tangu 2023, wana sheria inayomlazimu mwenye kampuni kubwa kufuatilia wanaomuuzia.

Na hili linatugusa sisi wenyewe. Sheria ya Marekani ya Dodd-Frank ya 2010, kifungu cha 1502, inazitaka kampuni zieleze bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu zao zimetoka wapi kama zimetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Tanzania tunapakana. Dhahabu yetu imo humo. Tunadai wajibu huo uwepo au tunadai ufutwe?

Dada wa Tengeru

Wewe unayesoma sheria, hao 35,000 walipojaza hojaji, msimamizi wao alikuwa amesimama wapi?

Nauliza kwa sababu nimefanya kazi shamba la maua huku kwetu miaka sita. Waridi, za kwenda Ulaya. Mnunuzi wetu alikuwa analeta wakaguzi, na tulikuwa tunajua siku wanayokuja. Siku mbili kabla, vyoo vinapakwa chokaa. Sabuni inawekwa. Maboksi ya glavu yanatoka stoo, glavu mpya, zina unga ndani bado. Kikundi cha kupulizia dawa kinaambiwa kesho msipulize. Siku nyingine zote, hasa wiki zile mbili kabla ya tarehe 14 Februari, tulikuwa tunaingia grinihausi majani yangali mabichi kwa dawa, maji yake yanakudondokea mikononi ukikata, kwa sababu gari la uwanja wa ndege halisubiri.

Mkaguzi alikuwa mama wa Kizungu, mpole. Akaniuliza kupitia mkalimani: unapewa glavu? Mkalimani alikuwa mtu wa ofisi yetu, yule anayeandika mahudhurio. Nikaitazama mikono yangu. Nikajibu ndiyo. Na kweli zilikuwa mikononi. Saa kumi jioni tukazirudisha stoo, kila mtu akasaini.

Sasa aliyeleta mkaguzi ndiye huyohuyo aliyepiga simu wiki ileile kuongeza oda. Sikumchukia yule mama. Lakini mtu anayetaka kujua angekuja bila kuaga, na angeuliza kwanza oda imeongezwa lini.

Halafu kaka wa Sakina, Huaqiangbei ni maduka. Kiwandani hukuingia.

Mpambanaji wa Sakina

Dada, usinifundishe nilichokiona kwa macho yangu. Nilipanda basi na vijana wanaotoka zamu, nikala nao tambi. Mimi sikuzaliwa na duka, nimebeba mzigo stendi kuu mvua inaninyeshea, najua kazi ngumu ni nini na najua kukosa kazi ni nini, na kukosa kazi kunauma zaidi.

Tena niseme lililo moyoni. Ninyi wasomi wa Moshi mnaowahesabia Wachina saa zao, nyumbani kwenu dada wa kazi anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala saa tano usiku. Ovataimu yake mnamlipa mwezi gani? Foxconn iko mbali. Jiko lako liko hatua nne.

Mama wa Pasua

Nilikuwa nasoma kimya, nilipofika hapo nimeshindwa. Na mimi ni wa Moshi. Wewe kaka unanijua? Binti yangu wa kazi namlipa elfu 70, anakula tunachokula, sabuni na mafuta juu yangu, akiumwa nampeleka hospitali mimi. Jioni anakwenda kujifunza cherehani na ada nalipa mimi. Usinichanganye na watu wanaoua watu.

Kijana wa Majengo

Mama, shikamoo. Kwa mshahara, ulikuwa ndani ya amri ya mishahara ya 2022. Amri hiyo iliweka elfu 60 kwa anayelala kwa mwajiri, na laki moja na elfu 20 kwa anayekwenda na kurudi. Kwenye saa ndipo penye kazi. Sheria ya ajira ya 2004 ni saa 45 kwa wiki, na haikumtoa dada wa kazi. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa tano ni saa 18 kwa siku. Wiki moja ni 126. Hata Foxconn hawakufika huko.

Mama wa Pasua

Marahaba. Lakini hizo saa 18 kazitaja kaka wa Sakina, mimi sikuzitaja! Na mnahesabu mpaka muda anaokaa na sisi anaangalia tamthilia?

Kijana wa Majengo

Mtoto akilia katikati ya tamthilia, anaamka nani?

Mzalendo wa Kijenge

Mmeanza kumsulubu mama wa watu. Nyumbani si kiwandani. Yule ni kama mtoto wa nyumba, ndiyo maana anaitwa dada.

Mzee wa Rau

Wanangu, mtaingia jikoni mpaka asubuhi. Mleta mada kauliza swali zuri na mimi nataka kulijibu.

Mnabishana kiwanda ni cha nani, kana kwamba kikiwa cha mwenye jina mwenyewe mambo yananyooka. Kule Korea, Samsung, kiwanda chao wenyewe cha kutengeneza chipu, binti mmoja anaitwa Hwang Yu-mi alipata saratani ya damu akafariki 2007 akiwa na miaka 22. Alikata roho kwenye teksi ya baba yake, kiti cha nyuma, wakirudi kutoka hospitali. Baba yule dereva wa teksi alidai haki tangu siku ile, na wenzake waliofiwa wakajiunga naye. Samsung waliomba radhi Novemba 2018. Hesabuni miaka. Hapakuwa na msambazaji wa kumsukumia lawama.

Kwa hiyo mimi naamini wajibu unadaiwa na walio chini wakiwa wamoja. Wazee wetu wa kahawa walianzisha chama chao 1925, kikaja kuwa KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1933. Hawakumngoja mnunuzi wa London apate huruma.

Mpambanaji wa Sakina

Mzee wangu shikamoo. Hao hao wakulima wa kahawa leo wanang'oa mibuni wanapanda nyanya na maparachichi. Umoja peke yake haukuwalipa.

Mzee wa Rau

Marahaba. Wameng'oa kwa sababu ya bei, na bei hawapangi wao. Rudi ukasome alichoandika fundi mwanzoni kabisa.

Binti wa Singida (Arusha)

Samahanini wakubwa, mimi nataka kumjibu huyo aliyesema dada wa kazi ni mtoto wa nyumba.

Nililetwa Arusha nikiwa na miaka 17. Kuna mama alikuja kijijini kwetu, akaongea na bibi, akatoa nauli. Mshahara wa miezi mitatu ya kwanza ulikwenda kwake. Mwezi wa nne sikuona kitu. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, akasema ongea na aliyekuleta, mimi nimemalizana naye. Nikampigia aliyenileta, akasema ongea na mama yako huko, mimi si mwajiri wako. Nilizungushwa hivyo hadi mwezi wa nane. Nilikuwa nalala chini ya ngazi, na mzigo wangu wote ulikuwa mfuko mmoja wa Rambo. Hakuna aliyenipiga. Kila mmoja alikuwa ananionyesha mwenzake.

Mzalendo wa Kijenge

Pole sana mdogo wangu. Huyo dalali bado yupo? Wengine wanakaa hapahapa stendi wanapokea mabinti kwenye mabasi ya Singida. Mtaje eneo watu wajihadhari.

Kijana wa Majengo

Miaka 17 kazi ngumu ya usiku na mchana ni kosa kisheria. Ulipaswa kwenda ofisi ya kazi.

Binti wa Singida (Arusha)

Ofisi ya kazi ningeijuaje kaka? Geti lilikuwa linafungwa.

Fundi wa Stendi Ndogo (Arusha)

Dada wa Singida, nimekusoma mara tatu. Nashukuru umeandika.

Naomba nirudishe mada kidogo kabla haijapotea kabisa. Tumewasema Apple na Samsung, lakini mezani kwangu simu nyingi ni Tecno, Infinix na itel. Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion, makao yake yako hukohuko Shenzhen. Sisemi wana kosa, sijui kosa lao na siwazushii. Nasema Apple walibanwa na watu wa Marekani na Ulaya kwa sababu soko liko kule. Transsion, sisi Waafrika ni moja ya masoko yake makubwa. Kama kuna wa kuwauliza saa za kazi na dawa za kufutia vioo, ni sisi tunaonunua. Nani hapa amewahi kuuliza, hata dukani?

Mimi mwenyewe natumia thina kusafisha bodi, ngozi ya vidole viwili imebanduka, na kijana ninayemfundisha natumia naye kopo moja. Leo nimemnunulia glavu.

Mpambanaji wa Sakina

Fundi, nitauliza. Nikienda tena nitaomba kuingia kiwandani kwenyewe, nikikataliwa nitasema humu kwamba nimekataliwa. Ila kwa dada wa kazi sirudi nyuma.

Mama wa Pasua

Na mimi sikimbii. Kaka wa Sakina ulinichoma, na nilikasirika. Usiku nimekaa nikahesabu saa za binti yangu kwa vidole. Si 18, lakini 45 zinaisha Jumatano. Leo asubuhi nimemuuliza siku ya kupumzika anataka ipi. Amesema hana neno, siku yoyote tu, na kwamba hajachoka. Mwenye mfano wa mkataba wa dada wa kazi auweke hapa tafadhali, nataka kuuandika kabla ya mwisho wa mwezi.

Dada wa Tengeru

Asante mama. Ulimuuliza mkiwa wapi?

Mama wa Pasua

Jikoni. Yeye alikuwa anaosha vyombo, mimi nimesimama mlangoni.