Wanaofanya karate, judo au taekwondo na familia nzima, njooni tupeane uzoefu: nyumbani mnaongea zaidi au ndo mnapigana zaidi?

FundiGeti_Tabata
Wakuu habari za jioni. Jana nimemkuta jirani yangu na mkewe na watoto wamevaa zile nguo nyeupe wanapanda bajaji kwenda zoezi, wanacheka mpaka bajaji inapotea kona. Nikabaki nawaza. Kwangu kila mtu na simu yake, huyu wa kidato cha pili akirudi anasalimia anaingia chumbani mpaka kesho. Wenye uzoefu, kuna kitu kinabadilika kweli kwenye maongezi ya nyumbani au ni mazoezi tu kama kukimbia barabarani?

Bintimwera
Kinabadilika mkuu. Mimi na mabinti zangu taekwondo. Yule mkubwa alikuwa hanijibu zaidi ya "ndio mama" na "hapana mama", sasa hivi ananishikia pedi ya kupigia mateke, namalizia teke ananiambia "mama goti lipandishe kwanza", basi tukianza na goti tunaishia kwenye mambo ya shule na marafiki bila mimi kumuuliza.

Kidagaa wa Kirumba
Ila mkuu usije ukamfundisha wife teke la mzunguko, siku ukichelewa kurudi utatueleza hapa 😂

Bintimwera
@Kidagaa hayo maneno ndo yanafanya wanawake waogope kuingia ukumbini. Mtu aliyefundishwa vizuri hapigi mtu nyumbani, anajua uzito wa mguu wake.

MzeeWaUpanga
Vijana, karate hapa Dar haijaanza jana. Miaka ya sabini sensei Bomani, yule Mmarekani mweusi, alikuwa anafundisha Goju Ryu, mtindo mmoja wa karate, pale shule ya Zanaki, na jambo ambalo watu wa Goju tunalishika mpaka leo ni Sanchin. Ni kata, yani mfululizo wa mienendo iliyopangwa, ya hatua chache sana, unatembea taratibu, pumzi unaivuta mpaka chini ya kitovu na kuitoa umekaza mwili mzima. Wanangu nimewafundisha hiyo kabla ya ngumi yoyote. Watu wawili wakibishana sebuleni huyu anavuta pumzi kwanza ndo anajibu, na mwenzake anamsubiri maana anajua anachofanya. Watoto wa siku hizi wanataka kumite tu, yani kupambana, pumzi hawana, ndo maana na maneno yao yanatoka yamechemka.

FundiGeti_Tabata
Shikamoo mzee. Nimekuelewa sana.

MzeeWaUpanga
Marahaba.

MamaIlham
Jamani huu uzi umenigusa, ngoja niseme la kwangu japo refu. Mume wangu na kijana wetu walikaa miezi hawaongei. Matokeo ya form four yalitoka, dogo akachaguliwa kombi ya PCB, akasema haendi, anataka umeme VETA. Baba yake aliwaka, halafu akanyamaza, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko kuwaka. Wako meza moja ananiambia mimi "mwambie mwanao apunguze redio", na dogo ananijibu mimi "mwambie baba nimesikia". Mimi nikawa posta.

Dogo alikuwa anacheza judo, mdogo wake wa kike naye akaingia. Jumamosi moja kocha akasema wazazi waje wafanye na watoto. Baba yao alikwenda kwa ajili ya binti, na yule binti ndo alimfunga mkanda, akaukosea akaurudia, baba kasimama mikono juu kama anapekuliwa. Sasa kocha anapanga watu kwa uzito, haijui habari yetu, akawaweka baba na kijana pamoja. Mimi benchi tumbo linauma.

Kocha akasema hajime, yani anzeni. Dogo akashika kola na mkono wa gi, ile nguo nyeupe, akaingiza mguu kwa nyuma, osoto gari, mzee chini. Akamshika kesa gatame, mbano wa chini. Kwa sheria ukimshikilia mtu chali sekunde 20 ni ippon, yani umeshinda, lakini lile halikuwa pambano, kocha anataka baba ajaribu kutoka. Mzee anatupa miguu, anasukuma, mishipa ya shingo imesimama, na kupiga tatami, ule mkeka wa judo, kusema basi hataki. Watu wamenyamaza. Nikaona anaweza kuinuka pale akamzaba mtoto kofi mbele za watu na nyumba yangu ikaisha siku ile.

Ndo nikamsikia dogo anasema taratibu, "Baba piga tatami, nakuachia." Maneno ya kwanza kumwambia baba yake uso kwa uso tangu yale matokeo. Mzee akapiga mara mbili. Dogo akamwachia palepale, wala hakungoja ya tatu, akampa mkono akamwinua.

Kwenye daladala kurudi mume wangu akauliza, "ule mguu umeingizaje?" Mtoto akaanza kueleza, kuanzia Mwenge mpaka Mbezi wanaongea osoto gari! Habari ya VETA ilikuja wiki zilizofuata kwa sauti ileile ya kuuliza. Anasoma umeme sasa hivi, baba bado ananung'unika ila anamnung'unikia mwenyewe. Na nyumbani tuna sheria, yeyote akigonga meza mara mbili anayeongea anaacha, hata kama ni baba. Hasa baba.

Chausiku_Tanga
Mama hongera. Nimesoma mara mbili.

Mwinyi Mkuu
Mimi sikubaliani. Mtoto kumkalia baba yake kifuani hadharani ndo nini? Heshima imeenda wapi?

MamaIlham
@Mwinyi Mkuu hakukaliwa kifuani kaka yangu, kesa gatame unakaa ubavuni mkono umezunguka shingo. Na heshima ni ile kumwachia mara moja alipopiga. Miezi yote ya salamu za adabu hawakuwa na heshima hiyo.

Ustadh_Kijana
Na hili la kuinamia picha ya mwanzilishi ukutani ukumbini mnalionaje? Mimi limenizuia kupeleka wanangu.

Mpemba Halisi
Ustadh, Unguja judo imefundishwa na Mjapani Shimaoka tangu miaka ya tisini na vijana wa Kiislamu wamejaa. Nenda ukaongee na kocha kabla hujaandikisha, sema unachokubali na usichokubali, mbele ya watoto. Hayo nayo ni mazungumzo ya familia.

Ustadh_Kijana
Inshallah nitakwenda.

Njoro254
Wazazi pia msikie upande wa watoto. Huku Kenya taekwondo ilishika sana, tangu wale madada wetu waende Olimpiki ya Beijing 2008. Baba yangu alinipeleka, akajiunga pia, shida ni alikuwa kocha hadi kwa meza ya chakula, nikishika kijiko ananirekebisha teke la asubuhi. Nikaacha kumwambia kitu chochote. Kwa gari ongeeni chochote lakini si mazoezi.

MamaIlham
@Njoro254 pole mwanangu. Kwetu aliyekuwa anafundisha ni mtoto, labda tofauti iko hapo.

FundiGeti_Tabata
Asanteni wote. Bajeti yangu ni ya wawili tu, niende na nani?

Kidagaa wa Kirumba
Wife na mtoto, wewe baki na simu.

Bintimwera
Wewe na huyo wa kidato cha pili. Aanze yeye kama mwezi hivi, ukiingia akukute mgeni.

MzeeWaUpanga
Hapana, aanze baba, mtoto akuone unajaribu. Gi usinunue mpya, ukumbini kuna za waliokua. Kama ni judo mjifunze kuanguka kwanza, kidevu kifuani, mkono upige chini.

Bintimwera
Na mkate kucha kabla hamjatoka nyumbani.